Mgeni Aliyefagiwa Mara Tatu

Haya niliambiwa na binti yangu wa pili, yule fundi cherehani, Alhamisi iliyopita alipokuja kunipimia mapazia. Alipima dirisha la sebuleni, akaandika. Akapima tena dirisha lile lile, akaandika namba nyingine. Nikajua mapazia hayamo kichwani mwake. Nikamwambia ashuke kwenye kigoda, akae, aseme. Alikaa anaizungusha futi kamba kidoleni, na mimi sikumharakisha. Nimezaa watoto sita na kila mmoja namjua anavyotoa neno. Huyu wa pili neno lake ni kama uzi uliokwama kwenye bobini. Ukivuta kwa nguvu unakatika, inabidi ungoje ulegee wenyewe.

Aliponimalizia nilimuuliza kama naweza kuyaandika. Akasema niandike, afadhali yaandikwe na mtu anayempenda.

Kulikuwa na baraza la mafundi cherehani ndani ya mtandao. Wewe msomaji ukiwa mtu mzima kama mimi, nitakueleza nilivyoelezwa. Halina ukuta wala benchi. Unafungua kompyuta, siku hizi hata simu, unaandika namba yako ya siri, unaingia, unakuta watu wameandika. Mmoja ameuliza kola afanyeje isijikunje, wa pili amemjibu, wa tatu amemtania wa pili kwamba kola zake mwenyewe ni masikio ya mbwa. Na yaliyoandikwa hayaondoki. Ukirudi baada ya miaka sita unakuta swali, jibu na masikio ya mbwa pale pale ulipoyaacha. Hivyo ndivyo walivyodhani.

Baraza hilo lilidumu miaka kumi na minane. Alilianzisha fundi mmoja wa suti ambaye wenzake walimwita Mzee Kipimo, kwa sababu hakupata kumpima mtu mara moja akaridhika. Ukienda kwake kushona suruali atakupima kiuno mara tatu, na ya tatu atakuomba ushushe pumzi, uache kujidanganya. Kila jioni akishafunga duka aliandika somo. Leo mkono wa shati, kesho mfuko wa koti, keshokutwa pindo. Lakini kabla ya somo aliandika kidogo habari za nyumbani, mistari mitano au kumi, na zaidi zilimhusu mkewe. Hakumwita mke wangu. Alimwita Mkaguzi. "Leo Mkaguzi amenikataza kuvaa shati la mistari," aliandika siku moja, "amesema nikikaa nalo kwenye kochi letu la mistari haoni mtu, anaona kochi linakunywa chai. Haya, tukate kwapa la shati." Basi mafundi wanacheka, halafu wanakata kwapa.

Baraza lilikuwa na sheria mbili, zote za kwake. Ya kwanza, anayeingia apige hodi. Aandike salamu, aseme anashona nini na cherehani yake ni ya namna gani, hapo atakaribishwa hata na watu ishirini. Asiyepiga hodi hajibiwi na mtu. Asubuhi mshika funguo wa baraza anamfagia, yeye na maneno yake. Sheria hiyo ilikuja mwaka wa kwanza, walipovamiwa na wauza dawa za kuotesha nywele.

Ya pili, somo lisihifadhiwe. Mzee Kipimo alisema picha ya somo ukishaitunza utasema nitakata kesho, na hiyo kesho utaitunza nyingine. Kila fundi alitakiwa asome, achukue karatasi ya kaki, akate kwa mkasi wake mwenyewe, aitundike msumarini. Wakatii. Ukutani kwa binti yangu zimetundikwa karatasi hizo mpaka ukuta hauonekani rangi. Lakini maneno ya mzee hakuna aliyekuwa nayo. Yalikuwa barazani tu.

Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka akamkabidhi binti yangu funguo. Alikuwa amemfundisha kazi tangu binti hajui kuvalisha uzi sindano, na duka la binti lilikuwa mtaa wa nne tu kutoka la mzee. Tangu hapo barazani binti yangu hakuwa na jina jingine, aliitwa Mshika Funguo. Alifungua asubuhi, akafagia, akaamua ugomvi wa wanaopenda zipu na wanaopenda vifungo. Kitu kimoja hawakukikumbuka wote wawili. Kwa ile kampuni iliyowahifadhia baraza kwenye mitambo yake, baraza lilibaki limeandikwa kwa jina la mzee, na barua zake zilikwenda kwenye sanduku la barua pepe la mzee. Miaka mitatu iliyopita mzee akafariki. Sanduku lile halikufunguliwa tena na mtu.

Sasa niseme habari za mjane wake. Huyu mama hakujua habari za baraza. Mumewe nyumbani alikuwa mtu wa maneno manne: nimerudi, asante, zima taa. Ukihesabu ni manne kweli. Jioni alikuwa anabonyeza kompyuta yake pembeni, mkewe akadhani anapiga hesabu za vitambaa. Baada ya mazishi binti yangu alikwenda kumpa pole, akachukua simu ya yule mama, akamfungulia baraza, akampeleka mpaka kwenye somo la kwanza kabisa. Mama akasoma. Akauliza Mkaguzi ni nani. Alipoambiwa ni yeye alicheka mpaka akashika mlango.

Tangu siku hiyo akawa anasoma somo moja kila asubuhi baada ya chai. Hakusoma mawili. Masomo yalikuwa zaidi ya elfu nne, na yeye ana miaka sabini na moja. Alimwambia binti yangu amepiga hesabu, kwa mwendo ule mume wake atamfikisha kwenye themanini, na huko mbele ataangalia. Hadi mwaka huu alikuwa amefika mwisho wa mwaka wa nne. Miaka kumi na moja ya maneno ya mumewe ilikuwa bado inamngoja.

Basi ile kampuni ikauzwa. Wenye mali wapya hawakutaka mabaraza ya zamani. Wakaandika barua za kutoa taarifa, zikaenda kwa marehemu. Walipoona hawajibiwi wakafanya jambo la haki, nasema la haki, maana hata binti yangu hawalaumu. Wakaingia barazani wenyewe wakaandika mbele ya kila mtu. Ila hawakupiga hodi. Wangejuaje?

Binti yangu alikuta maandishi hayo Jumatatu asubuhi, kikombe mkononi. Yalianza na "Taarifa kwa watumiaji." Hakuna salamu, hakuna cherehani, hakuna jina. Hakufika mwisho wa mstari, akafagia. Wiki iliyofuata mgeni karudi na taarifa yake. Akafagiwa. Mara ya tatu binti yangu akamfungia mlango kabisa asiweze kuandika tena, na kwa kuwa barazani walikuwa wanapenda mzaha, akaandika kwa herufi kubwa kwamba yule mgeni asiyejua hodi amekuja tena, na leo amefagiwa yeye na vumbi la viatu vyake. Watu walicheka siku mbili.

Mmoja tu hakucheka. Mshona mabegi, mwanamume mpole anayekaa nchi nyingine, aliuliza mbele ya wote: dada, lakini mgeni alisemaje, mbona mimi nimeona neno kufungwa?

Binti yangu alimjibu, na jibu hilo analikumbuka neno kwa neno, kwa sababu ndilo linalomwamsha usiku. "Hata kama kaleta dhahabu, kaka, apige hodi kwanza."

Tarehe mosi ya mwezi uliofuata alifungua baraza akakuta ukurasa mweupe. Juu yake mstari mmoja, kwamba kitu unachotafuta hakipo. Aliniambia alijua hapo hapo, kabla hajaweka kikombe chini. Wala hakuhangaika kubonyeza mara ya pili kama wengine. Alijua ni yule mgeni.

Aliwaandikia wale wa kampuni akiwaomba walirudishe. Walimjibu kwa mistari mitatu. Data imeteketezwa, hairudi. Taarifa zilitolewa, na wakaorodhesha tarehe, na mwisho wakaandika kwamba tatu kati ya hizo ziliwekwa ndani ya baraza lenyewe, na maneno yake wakayaambatisha. Akaifunga barua hiyo, hakumwonyesha mtu. Hata mumewe hakumwonyesha.

Mafundi wakaanza kutafutana kwa simu. Kati ya watu mia sita walipatikana arobaini na kitu, wakafungua kikundi cha simu, wakamuuliza Mshika Funguo kulikoni. Akasema kampuni imefunga bila kuwaambia hata neno moja. Hapo ndipo alipojipalia mkaa huyu mwanangu. Watu wakaitukana ile kampuni matusi ya kila namna, na yeye wakampa pole. Pole dada. Pole Mshika Funguo, umelea baraza kama mtoto. Mwingine akaandika kwamba kama kuna mtu wa kuliliwa ni yeye. Aliniambia, "Mama, kila pole ilikuwa inanichoma kama pasi, na mimi nikajibu asante, asante, asante."

Mshona mabegi alimwandikia pembeni. Alisema yeye alimwona mgeni na hatasema. Ila dada aache kupokea pole.

Na mjane alipiga simu tarehe mosi hiyo hiyo, baada ya chai yake. Mwanangu, akasema, leo mzee hafunguki.

Binti yangu angeweza kusema. Ukimuuliza kwa nini hakusema anatazama sakafu. Alisema labda ni simu. Labda imejaa, mama, ndiyo maana inakwama, una picha nyingi humo? Mama akasema anazo nyingi sana, mamia. Basi zifute. Mama akauliza, zote?

"Futa tu, mama," binti yangu akasema. "Picha si kitu."

Alikuwa anatafuta siku mbili tatu za kujipanga. Zikawa wiki tatu. Mama alipopiga tena aliambiwa mtandao ni mbovu. Alipopiga tena aliambiwa wanarekebisha. Baada ya hapo binti yangu akawa anaifukia simu chini ya marundo ya vitambaa ili akiulizwa aseme hakuisikia, na kweli asiisikie. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, anaficha simu kama mtoto anayeficha sahani aliyoivunja.

Jumanne moja mchana, mvua inanyesha, yule mama akaja mwenyewe. Alikuja na mwavuli na simu ameivisha mfuko wa nailoni. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaikausha simu kwa kitambaa, akasema amefuta karibu zote, zimebaki kidogo. Amekuja amalizie hapa hapa, ili fundi akitoka kwenye cherehani amfungulie mzee wake. Alisema mtaa mzima umechoka kumwona anapunga simu hewani, jirani amemuuliza kama anafukuza nzi.

Binti yangu akacheka kidogo, akaendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa anashona bitana ya koti. Kwa pembe ya jicho anamwona mama anavyofuta. Anaisogeza simu karibu na uso, midomo inacheza, anangoja, halafu ndio anabonyeza. Anachukua nyingine, midomo inacheza, anabonyeza. Kila moja dakika nzima. Binti yangu akamwambia zipo namna za kufuta zote kwa mara moja. Mama akasema anajua, yule wa duka la simu alimwonyesha, na hata kapu la taka la simu alimfundisha kulimwaga. Lakini yeye hupenda kuzisoma kwanza.

Picha gani za kusomwa? Binti yangu akanyoosha shingo.

Zilikuwa picha za baraza.

Yule mama hakujua kuweka alama kwenye ukurasa. Mjukuu wake alimfundisha kubonyeza vitufe viwili pamoja ili simu ijipige picha ya kioo chake, basi kila asubuhi alipoishia kusoma alipiga, na kesho yake aliangalia picha aone alifika wapi. Miaka mitatu ya asubuhi, kila moja na picha yake. Kipande cha maneno ya mzee, mistari minane, kumi, inayoenea kwenye kioo cha simu. Kwake zilikuwa alama tu. Kitabu chenyewe kipo barazani, alama ukizitupa kuna hasara gani? Tena fundi mwenyewe ndiye aliyesema.

Binti yangu aliondoa mguu kwenye kikanyagio. Anasema cherehani ilizunguka yenyewe kidogo ndipo ikasimama, na mvua juu ya bati ikawa kubwa ghafla.

"Mama, acha kufuta."

"Si umesema imejaa?"

"Haijajaa. Simu yako haina tatizo. Baraza ndilo halipo. Limeteketezwa tangu tarehe mosi."

Mama akamtazama. Kidole chake kilikuwa bado kiko juu ya kioo. "Atarudi lini?"

"Harudi, mama."

Akamweleza. Alieleza akiwa ameketi kwenye cherehani, mikono juu ya bitana, hakuthubutu kusogea karibu. Alieleza taarifa ya kwanza na ya pili, na ya tatu, na mzaha alioandika. Hata ile ya dhahabu aliisema. Mama aliuliza mgeni alikuwa anasema nini hasa. Binti yangu, ambaye alikuja kuyasoma maneno hayo baadaye kwenye barua ya kampuni, akasema alikuwa anawaambia wana siku thelathini za kuchukua kilicho chao.

"Na ukamfagia kwa sababu hakupiga hodi."

"Ndiyo. Ilikuwa sheria ya mzee, mama, na mimi nika..."

"Usimtwike yeye," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Mume wangu angemsoma kwanza, ndipo amfagie. Alikuwa anapima mara tatu."

Binti yangu akainamisha macho kwenye bitana.

"Na mimi nilipokuwa nafuta, wiki tatu, wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua baraza halipo. Kwamba picha ni hizi, hilo sikujua."

"Sijakuuliza ulichokuwa hujui."

Akaniambia hapo alitamani mama ampige. Angempiga, mambo yangekuwa mepesi. Mama alikaa tu, akaigeuza simu kifudifudi juu ya paja, akatazama nje maji yanavyotiririka kwenye mfereji. Kulikuwa na mteja amekuja na suruali yake, akachungulia, akaona nyuso mbili zile, akasema atarudi kesho. Akaondoka na mvua yote ile.

Baada ya muda mama akampa simu, akamwambia ahesabu zilizobaki. Macho yake yalikuwa yamechoka. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Alikuwa amefuta zaidi ya mia saba, moja moja, akiisoma kila moja kwa mara ya mwisho bila kujua ni ya mwisho. Mia mbili na kumi na mbili, basi, mama akasema, na akaichukua simu yake, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni, akakunja mfuko mara mbili.

Kisha akauliza wale wengine wameambiwa nini.

Binti yangu akasema amewaambia kampuni haikutoa taarifa.

"Waandikie."

"Nitawaandikia jioni, mama, nikitulia."

"Mimi nimekaa. Andika."

Akaifukua simu yake chini ya vitambaa. Alianza kuandika, akafuta. Akaanza kwa kusema ndugu zangu mafundi, akaona hana uso wa kulitaja neno hilo ndugu, akafuta. Mama akamuuliza mbona haandiki. Akasema hajui aanzie wapi. Na mama, ambaye hakupata kushona hata kifungo, ila alikuwa amesoma miaka minne ya baraza lile, somo moja moja, asubuhi kwa asubuhi, akamwambia aanzie wanakoanzia watu wote.

Basi akaandika. Alinionyesha, nami nayanakili kama yalivyo:

"Hodi. Mimi nashona nguo za kike na bitana za makoti. Cherehani yangu ni ya miguu, nyeusi, mkanda nimeubadilisha mara mbili. Nimewadanganya. Kampuni ilitupatia taarifa mara tatu barazani, mimi nilizifuta bila kuzisoma, na nikaitania. Kila mlichopoteza mmekipoteza kwa sababu yangu. Pole mlizonipa nazirudisha."

Akaisoma kwa sauti. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaituma. Akaiweka simu mezani, kioo juu, wote wawili waione.

Mvua haikuwa inaisha, na mama hakuwa mtu wa kutembea kwenye matope. Akainua macho ukutani, kwenye misumari na karatasi za kaki, akauliza na zile ni nini. Binti yangu akasema ni masomo. Ni yale mzee aliyowaamuru wakate. Kila moja ina tarehe yake kwa penseli pembeni.

Mama akamwambia atungue moja, ya miaka ambayo yeye hajaifikia.

Akatungua. Ilikuwa ya mwaka wa saba, kola ya kusimama. Mama akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna maandishi. Hakuna, ila tarehe. Akauliza siku hiyo mzee alisema nini juu yake.

Binti yangu ananiambia mimi mama yake kwamba sentensi alikuwa nayo mdomoni. Alimjua mzee yule anavyoandika, miaka kumi na mitano, angeweza kumtungia Mkaguzi kisa kizuri na mjane angecheka na asingejua. Ilikuwa tayari, imekunjwa, imepigwa pasi. Akaimeza.

"Sikumbuki," akasema.

Mama akaiweka karatasi kando. Akasema atungue nyingine.

Ya pili, mkono wa koti, hiyo aliikumbuka. Siku hiyo mzee aliandika kwamba Mkaguzi amemrudisha kutoka mlangoni kwa ajili ya soksi, moja nyeusi na moja ya buluu, na yeye alikuwa anakwenda kumvalisha bwana harusi.

"Kahawia," mama akasema. "Haikuwa ya buluu. Na bwana harusi mwenyewe alivaa suruali nyuma mbele mpaka wakamgeuza." Akatabasamu akiitazama ile karatasi, si binti yangu. "Nyingine."

Nyingine ilikuwa mfuko wa ndani. Sikumbuki. Nyingine, kiuno cha sketi. Alikumbuka nusu, kwamba kulikuwa na habari ya paka na sufuria, lakini paka alifanya nini hakumbuki. Mama akangoja. Binti yangu akasema tena hakumbuki. Mama akaiweka ile ya paka peke yake, mbali na nyingine, juu ya paja.

Wakaenda hivyo. Binti yangu anapanda kigoda, anatungua, anashuka, anasoma tarehe, anasema anachokijua au anasema hajui. Katika kumi alikuwa anajua tatu. Alisema kila sikumbuki ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia, maana kila moja ilikuwa siku ya mtu, na mtu mwenyewe ameketi mbele yake na mwavuli. Mama hakumlaumu tena na hakumwambia si kitu. Alikuwa anasema neno moja tu, nyingine.

Walipofika mwaka wa tisa, ukosi wa shati la mtoto, binti yangu aliposema sikumbuki hakusikia nyingine. Akageuka. Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea rundo la bitana, mdomo wazi kidogo, ile karatasi ya paka na sufuria iko chini ya kiganja chake, na simu kwenye mfuko wa nailoni ameibana kwapani.

Binti yangu akatafuta kitu cha kumfunika, akapata lile koti alilokuwa analishonea bitana, halijakamilika, mkono mmoja bado. Akamfunika nalo. Akazikusanya karatasi sakafuni kwa mpangilio wa miaka, polepole zisipige kelele.

Kisha akaketi mezani akaitazama simu yake. Watu thelathini na mmoja walikuwa wameshasoma. Hakuna aliyejibu. Hata mshona mabegi hakujibu. Aliona jina la mmoja likionyesha kwamba anaandika, likaacha, likaonyesha tena, likaacha. Aliona ni sawa. Aliona ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akiwaacha wengine mlangoni, na kwamba aliyepiga hodi hana haki ya kuharakisha wenye nyumba.

Akangoja. Mvua ikapungua ikawa ya kudondoka tu kwenye ukingo wa bati. Akakiegemeza kichwa juu ya meza ya kukatia, shavu likaangukia kwenye chaki, akili yake ikisema ngoja nifumbe macho kidogo tu. Simu ilikuwa kimya pembeni ya sikio lake. Akalala.